Alarma ya kweli haiombi feza

Siku ya kazi moja asubui, muzee mmoja aliingia ku biro ya sendika na kofia mu mikono. Wote tunamujua. Alitumika miaka 27 chini ya udongo, ku mashini ya kutoboa majiwe, na hakuna siku hata moja alikuja kwetu kulalamika bure. Alikaa, akaangalia kama mulango umefungwa, akasema pole pole: «Delege, nilifanya ujinga. Lakini mbele ya kukuelezea, uniapie kwamba mama wa nyumba hatajua.»

Nilimuapia. Kisha yeye mwenyewe alimuambia bibi yake, na alinipa ruhusa niandike habari hii bila jina lake, kusudi wengine wasianguke mu shimo lile lile.

Wakati alipata feza yake ya mwisho wa kazi, alinunua ordinatere ya okazio. Wajukuu wafanyie masomo, na yeye aangalie mupira. Magaribi moja alikuwa anatafuta mahali pa kuangalia mechi ya bure. Alifinya mahali, na mara moja ekra nzima ikawa nyekundu. Sauti ya mwanamuke ikaanza kusema mu Kifaransa, kwa nguvu, tena na tena: mashini yako imeingiliwa na virusi, feza yako ya banki iko mu hatari, usizime ordinatere, ita numero hii sasa hivi. Na pale juu ya ekra kuliandikwa hata jina la muji wetu. Njo pale moyo wake uliruka.

«Delege, weye unajua kazi yetu», aliniambia. «Mu mugodi, sirena ikilia haubishane nayo. Unatii.»

Alitii. Aliita numero, yenye ilianza na 33, ya Ufaransa. Mwanaume mmoja akajibu na sauti nzuri, ya heshima, akimuita «Monsieur» kila mara. Akamuambia aingize programu moja ndogo kusudi «fundi» aweze kuona ugonjwa kutoka mbali. Muzee akaingiza. Akaona mushale wa ekra unatembea peke yake, hakuna mukono juu ya suri. Akaonyeshwa majina mengi yenye alama nyekundu. Akaambiwa: dola 240, tunasafisha yote, na utalindwa maisha yako yote. Akasoma numero za kadi yake ya banki ku telefone, moja kisha moja.

Dola 240 zikaenda. Siku mbili kisha, 190 zingine zikaenda, bila mutu kumuuliza. Jumla 430. Ilikuwa feza ya masomo ya wajukuu wawili. Alinyamaza wiki tatu, mpaka siku batoto walirudishwa nyumbani juu hawakulipiwa.

Leo nataka kueleza namna wizi huu unatumika, namna ya kuuepuka, na namna ya kuufukuza kama umeisha kuingia mu nyumba. Siko fundi wa ordinatere. Niko mutu wa mugodi, nilimaliza masomo ya sekondari tu. Lakini nilifundishwa na wenye kujua, na mambo haya si ya ajabu. Hata mutoto wa miaka 12 anaweza kuyafanya.

Wanauzisha woga

Virusi ya kweli iko. Antivirusi ya kweli pia iko. Wezi waliona kwamba mutu akiogopa virusi, atalipa antivirusi bila kuuliza. Basi wakatengeneza kitu chenye sura ya antivirusi: rangi, alama, sauti, orodha ya magonjwa. Ndani yake hamuna dawa. Ni sawa na mutu anayekuja ku mulango wako akilia «Nyumba inaungua!» kusudi akuuzishie ndoo ya maji, na ile ndoo imetoboka.

Haikuanza jana. Mu mwezi wa 12 wa mwaka 2008, tume ya serikali ya Marekani yenye kulinda wanunuzi, FTC, ilishitaki ku tribinali kompani moja yenye jina Innovative Marketing, yenye ilikuwa na biro Kiev, mu Ukraine. Iliuzisha programu za majina mazuri: WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner, XP Antivirus. Mutu alionyeshwa kwamba ordinatere yake imejaa virusi, halafu aliombwa kulipa dola karibu 40 ao zaidi. FTC ilisema zaidi ya watu milioni 1 walidanganywa. Mu mwaka 2012 tribinali ikatoa hukumu ya dola zaidi ya milioni 163. Mu 2011, hata wenye mashini za Apple, wenye kusema «sisi hatupate virusi», waliingiliwa na programu kama hizi, yenye kuitwa MacDefender.

Na haikuisha. Mu mwaka 2024, kompani mbili za Kupro, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 kisha FTC kuzishitaki kwamba zilitisha watu na maonyo ya uongo, kusudi wanunue matengenezo.

Wengine wanasema: «Hiyo ni mambo ya wazungu, sisi tuko mbali.» Hapana. Ule mutego wa ekra nyekundu na numero ya telefone umekamata watu wengi sana mu Ufaransa, na uliandikwa mu Kifaransa. Sisi tunasoma Kifaransa. Basi mutego unatufikia na sisi, na luga yake yote.

Namna ya kuutambua

Ku mugodi tunafundishwa kuangalia alama za hatari: vumbi linaanguka, mbao inalia, maji yanatoka mahali hayakuwa jana. Na huku kuko alama. Mukamate hizi.

Alama ya kwanza ni numero ya telefone. Microsoft yenyewe inasema: onyo la kweli la Windows haliandikwe hata siku moja na numero ya kuita. Ukiona numero, hiyo ni bongo. Hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Ya pili ni haraka. «Dakika 5 zimebaki! Usizime! Utapoteza picha zako zote!» Mwizi hataki upate wakati wa kuuliza mutoto wako, jirani ao delege.

Ya tatu ni uchunguzi wenye haukuomba. Ulifungua ukurasa wa filme, na ule ukurasa unasema umeisha kuchunguza diski yako na umepata virusi 5. Haiwezekani. Ukurasa wa intaneti hauwezi kuingia na kusoma diski yako vile. Zile mistari zinazopita ni picha tu, sawa na filme. Na jina la muji wako? Kila saiti unayofungua inaweza kuona koneksio yako inatoka karibu na muji gani. Haimaanishe kwamba wako mu nyumba yako.

Ya ine, na ni kubwa kupita zote: feza. Onyo linakuogopesha, na dakika ile ile linakuuzishia dawa. Sirena ya mugodi inakuambia toka. Haikuambie: lipa kwanza dola 240, kisha utatoka.

Wanapitia wapi? Mara nyingi ni saiti za mupira na filme za bure, zenye mahali pengi pa kufinya. Ni programu za kukraki, zile tunapewa ku kle USB na vijana wa mu kartie: Windows ya bure, Office ya bure, mchezo wa bure. Ni kile kisanduku kidogo chenye kuuliza kama unaruhusu saiti ikutumie habari. Mutoto anafinya «Autoriser» kusudi filme ianze, na kutoka siku ile onyo la uongo linatokea pembeni ya ekra kila asubui, mara zingine na jina la antivirusi ya kweli kama Norton ao McAfee. Wanaiba jina pia, hawaibi feza tu.

Wakati ekra inalia

Wiki mbili kisha habari ya muzee, saa 3 ya usiku, telefone yangu ililia. Ilikuwa binti ya mwenzetu mmoja, anayeendesha kamio kubwa ya mugodi. Baba alikuwa posti ya usiku. «Yaya delege, mashini yetu inalia sana, inasema tusizime. Mama anataka kuita ile numero.» Nilimuambia: «Muambie mama aweke telefone chini. Weye, kata sauti. Sasa tutatumika pamoja.» Tulifanya hivi, na munaweza kuandika ku karatasi na kubandika karibu na ordinatere.

Kwanza, kata intaneti. Zima modemu, ao zima kugawa koneksio ku telefone yenye inakupa mega. Mwizi amebaki inje.

Pili, usifinye kitu chochote mu lile dirisha: si «OK», si «Annuler», hata ule musalaba wa kufunga wenye wamechora. Inaweza kuwa wote ni mulango mumoja.

Tatu, bonga ku klavye. Finya butoni ya Échap na uikamate kidogo, ekra yenye imejaa itarudi ndogo. Kisha finya pamoja Ctrl, Maj na Échap. Linafunguka dirisha lenye jina «Gestionnaire des tâches». Tafuta mule programu yako ya intaneti, Chrome ao Edge ao Firefox, finya juu ya jina lake, kisha «Fin de tâche». Ile sauti inakufa palepale.

Ine, kama yote imekataa, kamata butoni ya kuwashia mashini sekunde 10 mpaka izime. Wanasema ukizima utapoteza yote. Bongo. Unaweza tu kupoteza kazi yenye haukuweka mu diski.

Tano, ukifungua tena, Chrome inaweza kukuuliza kama unataka kurudisha kurasa za mbele: «Restaurer». Kataa. Ukikubali, umerudisha mwizi mwenyewe.

Ile usiku, yule binti alimaliza mu dakika 6. Nilimusikia anacheka. Mama yake akaniuliza: «Basi ni vile tu?» Ndiyo mama, mara nyingi ni vile tu. Ilikuwa ukurasa, sawa na karatasi yenye kubandikwa ku ukuta. Unaitosha, imeisha.

Kama imeisha kuingia ndani

Mara zingine mutu amekubali, na programu ya uongo imeingizwa mu mashini. Utaitambua: kila ukiwasha inatokea, inahesabu virusi, inaomba ulipe, na antivirusi ya kweli haifunguke tena. Hapa kazi ni ndefu kidogo, lakini inafanyika.

Washa tena mashini mu «mode sans échec», ile namna Windows inafungua vitu vya lazima tu na programu ya uongo mara nyingi inabaki usingizini. Ku Windows 10 na 11: kamata butoni Maj wakati unafinya «Redémarrer», kisha fuata «Dépannage», «Options avancées», «Paramètres», «Redémarrer», na mwisho finya 5 kusudi ufungue na intaneti.

Ingia mu «Paramètres», kisha «Applications». Panga orodha kwa tarehe. Programu zenye ziliingia siku ile ile shida ilianza, na zenye haujue, uziondoe: «Désinstaller». Kama kuko programu ya kuangalia ordinatere kutoka mbali, kama AnyDesk ao TeamViewer, na haukuiomba kwa kazi yako, iondoe pia. Hizi ni programu za kweli zenye mafundi wanatumia, lakini wezi wanapenda kuzitumia.

Kisha rudi mu Windows ya kawaida, andika «Sécurité Windows» mu mahali pa kutafuta, fungua «Protection contre les virus et menaces», kisha «Options d'analyse», na uchague uchunguzi wa «hors ligne». Mashini itazima na kuwaka yenyewe, na inachunguza karibu dakika 15 mbele Windows haijafunguka. Funga kazi yako kwanza, na uangalie kama umeme ao betri itatosha. Ukitaka mashahidi wawili, Malwarebytes na AdwCleaner zinasafisha bila kulipa. Lakini andika weye mwenyewe anwani ya saiti, malwarebytes.com. Usifinye matangazo yenye kuwekwa juu ya majibu, juu hata pale wezi wanauzisha.

Mwisho, safisha programu ya intaneti. Mu Chrome: «Paramètres», «Confidentialité et sécurité», «Paramètres des sites», «Notifications». Saiti zote zenye haujue, ziondolee ruhusa. Angalia «Extensions» pia, na uondoe zile haukuweka.

Kama umeisha kulipa

Hapa hakuna kulala. Kama muzee wetu angeita banki usiku ule ule, zile dola 190 za pili zingeweza kubaki.

Ita banki, ao uende asubui na mapema, uombe wafunge kadi. Usiseme «nitangoja kuona». Kama ulitoa feza kwa telefone, ita kompani ya telefone na uwape numero yenye ilipokea, siku ile ile. Badilisha siri zote: ya email, ya Facebook, ya banki, na code ya feza ya telefone kama ulikuwa umeiandika mu ile mashini. Lakini uzibadilishe kutoka telefone ao mashini ingine, si ile yenye mwizi aliingia. Linda picha za ekra, numero, tarehe na karatasi ya banki, upeleke mashitaki ku polisi. Sisi watu wa sendika tunajua: mambo bila karatasi ni hewa.

Na jambo moja tena. Kisha wiki ao miezi, mutu mwingine ataita: «Tunaweza kukurudishia feza yako, lipa kwanza dola 50 za dosie.» Ni ndugu wa yule wa kwanza, ao ni yeye mwenyewe. Wanauziana orodha za watu wenye walikubali mara moja.

Kulinda nyumba

Windows 10 na 11 ziko na antivirusi yao ndani, ya bure, Microsoft Defender. Kwa nyumba nyingi inatosha. Usiongeze ya pili juu yake bila sababu: mbili zinaweza kupigana, na mashini inachoka.

Acha Windows ipate matengenezo yake, hata kama yanakula mega. Windows 7 haipate tena matengenezo ya usalama tangu mwezi wa 1 wa 2020. Wakati mutu anakuuzishia ordinatere ya okazio, uliza Windows gani iko ndani, sawa vile unauliza umuri wa motere ya pikipiki.

Tengenezea batoto konti yao, yenye haina ruhusa ya kuingiza programu bila neno la siri la muzazi. Na mara moja kwa mwezi, siku ya mushahara, nakili vitu vya lazima ku diski ya inje ao kle USB safi, kisha uitoshe ku mashini: karatasi za mushahara, kontra ya kazi, karatasi za hospitali, picha za ndoa, picha ya mama aliyekufa. Mutu mwenye yuko na nakili hatishike na sauti inayosema «utapoteza yote».

Jiwe lenye kulegea

Nimalize na ile wiki tatu za kunyamaza, juu zinaniuma kupita dola 430. Muzee alikuwa mu nyumba moja na bibi yake, wanakula bukari mu sahani moja, na alikuwa peke yake na ile haya. Mu wiki tatu zile, nilisikia kisha, watu wengine wawili wa kartie ile ile waliona ekra ile ile. Mumoja alilipa. Hakuna mutu alikuwa amemuonya.

Mu mugodi, ukiona jiwe lenye kulegea juu ya vichwa, haunyamaze eti watasema uko mwoga. Haunyamaze hata kama lilikugusa juu haukuangalia vizuri. Unalia, wenzako wanarudi nyuma, wanaleta chuma, wanaliangusha. Hatuitane wajinga. Tunaitana wazima.

Muzee alikuja ku mukutano wetu wa siku ya posho. Alisimama mbele ya watu karibu 40, vijana wengi, na akasimulia yote yeye mwenyewe, kutoka mechi mpaka banki. Bibi yake alikuwa amekaa musitari wa mbele. Wakati alisema «dola 430» sauti ilimukatika kidogo. Hakuna mutu alicheka. Kisha kijana mmoja wa ku kamio akanyoosha mukono: «Papa, hata mimi. Dola 60. Mwaka jana.» Na mwingine nyuma yake.

Wajukuu wamerudi ku masomo. Deni linalipwa pole pole. Ile ordinatere iko bado mu nyumba, safi. Juu yake bibi yake amebandika karatasi yenye mistari miwili, kwa mukono wake: «Ikilia, zima. Ikiomba feza, uniite.»